Mkorogo wa sisi tuliosoma

Wadau, nimepotea kidogo. Safari hii si kazi iliyonibana, ni uso. Majuzi niliingia bafuni nikakuta vichupa vitatu vya mdogo wangu: asidi ya glikoliki, retinoli na vitamini C. Nilikuwa na vipele vya wembe, na Jumamosi yake kulikuwa na sendofu ya binamu yetu. Nikajipaka vyote usiku mmoja. Kesho yake sikuona mabadiliko, nikarudia, tena kwa wingi zaidi. Siku ya tatu uso unawaka na ngozi inabanduka. Nikaenda kwenye mkutano na waandishi wa habari hivyo hivyo, na mpigapicha wetu akauliza kwa sauti: "Mzee, umeanza mkorogo?"

Nilikasirika kweli. Mkorogo, mimi? Sikutaka weupe, nilitaka vipele viishe! Lakini usiku nikalifikiria hilo neno. Linatokana na kukoroga, wala halitaji rangi. Na kukoroga ndicho nilichofanya.

Basi nikaanza kusoma historia. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, Dar es Salaam iachane na sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Hoja ilikuwa utamaduni wa taifa. Tangu hapo mjadala wetu umekuwa huo huo: heshima, kasumba, rangi. Ni hoja nzito, siidharau. Ila ilituachia pengo, kwa sababu anayejiona hataki weupe anadhani habari hii haimhusu, wakati ngozi haiulizi nia yako. Inaangalia umepaka nini, kiasi gani, kwa muda gani.

Mfano mzuri ni haidrokwinoni. Ni kemikali ile ile iliyotumika kusafishia picha kwenye chumba cha giza. Mwaka 1939 madaktari Marekani walieleza kisa cha wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi, jimbo la Illinois, waliotokwa na mabaka meupe mikononi. Chanzo kilikuwa glavu zao za mpira, zilizotiwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni ili mpira usiharibike. Miaka ya 1960 haidrokwinoni yenyewe ikawa biashara kubwa Afrika Kusini, ndani ya krimu za kupaka kila siku.

Sasa tazameni mwaka 1975. Huko Philadelphia, daktari Albert Kligman na mwenzake Willis walichapisha fomula ya mchanganyiko: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na deksamethasoni asilimia 0.1. (Kligman huyu ndiye aliyewafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg hadi 1974, doa ambalo halijamtoka.) Tretinoini, ndugu wa karibu wa retinoli, inasaidia dawa kupenya lakini inachoma; deksamethasoni, ambayo ni steroidi, inatuliza huo mwako lakini ikizidi inaifanya ngozi kuwa nyembamba. Kwa hiyo kila kimoja kina kazi na kipimo chake. Hata leo madaktari wanatumia michanganyiko ya aina hiyo kutibu madoa, kwa muda maalumu na kwa uangalizi.

Mwaka huo huo, Findlay na wenzake wa Pretoria walieleza yaliyowapata watumiaji wa krimu za haidrokwinoni: okronosisi. Baada ya kupaka kwa muda mrefu, ngozi ya mashavu inapata rangi ya bluu-nyeusi na vijipele vigumu, na ni shida sana kutibika. Ukatili wake uko hapa: uso unazidi kuwa mweusi, mtu anadhani dawa haijatosha, anaongeza. Anaungua na jua, anaongeza tena. Mimi nilifanya hesabu hiyo hiyo kwa usiku mbili tu!

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Afrika Kusini ilijaribu njia ya vipimo, ikaweka ukomo wa asilimia 2. Wagonjwa waliendelea kuonekana, maana asilimia iliyoandikwa kwenye kopo haihesabu mara ngapi unapaka wala kwa miaka mingapi. Mwaka 1990 ikaiondoa kabisa kwenye vipodozi. Hapa kwetu nayo imepigwa marufuku kwenye vipodozi, ingawa mnajua wenyewe kinachopatikana mitaani, kikikorogwa na steroidi na mtu asiye na mzani.

Vichupa vya bafuni kwetu havina haidrokwinoni, na vikitumika ipasavyo havina ubaya. Nilimwuliza mdogo wangu anavitumiaje. Vitamini C asubuhi, na juu yake krimu ya kuzuia jua. Retinoli usiku mara mbili kwa wiki, glikoliki usiku mwingine, siku zilizobaki mafuta ya kawaida.

"Kaka, si imeandikwa nyuma ya chupa?" akaniambia. Halafu anadai nimlipe ile vitamini C.