Jina la Ugonjwa na Bei ya Chandarua: Kiswahili katika Historia ya Utafiti wa Ifakara

Historia ya utafiti katika bonde la Kilombero aghalabu huandikwa kama historia ya vidudu, dawa na wataalamu waliotoka Uswisi. Huanzia mwaka 1949, Rudolf Geigy, mwanazuolojia wa Basel na mkurugenzi wa Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi, alipofika Ifakara kwa mara ya kwanza. Hupitia mwaka 1957, maabara ndogo ilipofunguliwa hapo jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko, na kufikia mwaka 2008, kituo kilichokua kutokana na maabara hiyo kilipochukua jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo moja kubwa. Takwimu zilizotoka Ifakara na kuchapishwa kwa Kiingereza zilianza kama maswali yaliyoulizwa kwa Kiswahili, mlangoni mwa nyumba ya mkulima wa mpunga. Mhadhara huu unafuata maneno ya maswali hayo.

Geigy hakuwa wa kwanza kulichunguza bonde. Katika miaka ya 1930 afisa wa serikali ya kikoloni, A. T. Culwick, pamoja na mkewe Geraldine, waliandika juu ya Wabena wa mtoni na juu ya idadi ya watu wa Ulanga. Kitabu chao cha mwaka 1935 kina sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga, jambo lisilo la kawaida kwa vitabu vya namna ile na la kustahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipima bonde zima la Rufiji kwa ajili ya umwagiliaji. Mwaka 1968 Jätzold na Baum walichapisha uchunguzi wao wa jiografia ya uchumi wa Kilombero. Basi udongo, mafuriko na mpunga vilikuwa vimekwisha kuandikwa wakati maabara ya Ifakara ilipokuwa bado changa.

Mmoja wa viumbe waliomvuta Geigy ni yule kupe laini akaaye katika sakafu za udongo na nyufa za kuta, aenezaye homa ya vipindi. Mwanasayansi alihitaji jina la Kilatini ili kumtenga na kupe wa ng'ombe. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatenga: huyu ni papasi, yule ni kupe. Hapa lugha ilitangulia maabara. Kwa mbu hali ni kinyume: neno ni moja tu, nao wale wanaoeneza malaria hawana jina lao la pekee, hata ikabidi kusema kwa kirefu "mbu wa malaria".

Ugumu mkubwa ulikuwa katika majina ya magonjwa. Daktari huona malaria kuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi: homa ya kawaida, upungufu wa damu, na mtoto kukakamaa na kupoteza fahamu. Msemaji wa Kiswahili huigawanya sehemu hiyo ya maisha kwa njia yake. Kuna homa, neno pana linalobeba joto la mwili na unyonge wowote. Kuna malaria, neno la kigeni lililozoeleka kupitia zahanati. Tena kuna degedege, ambalo kwa wengi halikuwa malaria hata kidogo. Jina lenyewe linahusishwa na ndege, au kiumbe arukaye usiku, na tiba yake ilikuwa kwa mganga, kwa mafusho na kuogeshwa dawa. Uchunguzi uliofanyika Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulieleza hofu kwamba sindano humwua mtoto mwenye degedege. Hivyo mama aliyeulizwa kama mtoto wake amewahi kuugua malaria angeweza kujibu hapana bila kusema uongo, ilhali mtoto amenusurika juzi tu. Katika dodoso, jibu hilo lingehesabiwa kama afya.

Huko Ifakara kwenyewe, Muela, Ribera na Tanner waliandika mwaka 1998 juu ya jambo gumu zaidi. Wakazi walikubali malaria ya hospitali na kuiamini hadubini, lakini walisema pia kwamba mchawi aweza kuvificha vimelea visionekane, au kuleta malaria bandia inayofanana na ile ya kweli. Mgonjwa ambaye damu yake haikuonyesha kitu, au ambaye dawa haikumponya, alikwenda kwanza kwa mganga afunguliwe, kisha akarudi hospitali. Ni makosa kuita fikra hiyo ujinga wa sayansi. Hapo hoja ya maabara imemezwa nzima, kisha ikapewa nafasi ndani ya elimu iliyokuwapo kabla yake. Utafiti wa Dillip na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta wazazi wengi wa eneo hilo wakiwapeleka watoto wenye degedege katika vituo vya afya. Neno lilibaki lile lile. Njia iliyotoka katika neno hilo ndiyo iliyobadilika.

Jaribio la chanjo lilikuwa na msamiati wake. Katika kijiji cha Idete, watoto 586 wenye umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki katika jaribio la chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Jaribio la baadaye kwa watoto wachanga halikuonyesha kinga ya maana. Kwa Kiswahili jaribio huwa karibu na kishawishi na mtihani wa maisha, nayo ridhaa ni neno la ndoa na la mahakama. Maneno hayo mawili yalipowekwa katika fomu moja, mzazi alisoma uzito ambao huenda mwandishi wa fomu hakuukusudia.

Uchumi uliingia kupitia chandarua. Kati ya 1996 na 2000, mradi uliojulikana kama KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Havikugawiwa bure, viliuzwa madukani kwa takriban dola 5 za Marekani kimoja, chini ya jina la Zuia Mbu. Jina hilo ni la Kiswahili safi kwa muundo, kitenzi na yambwa yake, kama zimamoto na vunjajungu. Dawa ya kuchovyea ilikuwa na mashaka zaidi, kwa kuwa dawa kwa Kiswahili huponya mtu na pia huua panya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Pengo kati ya kaya maskini na zenye uwezo lilipungua, wala halikufungwa. Sababu mojawapo yaonekana katika kalenda ya bonde: mbu huzidi wakati wa masika, na fedha hupatikana baada ya mavuno. Kwa wajawazito na watoto wadogo paliwekwa vocha ya kupunguza bei. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 2004 uliiita Hati Punguzo, bila kiunganishi "ya" ambacho mwalimu wa sarufi angekidai. Matangazo yalishinda sarufi.

Nyuma ya takwimu hizo palikuwa na kazi ya mikono. Tangu Septemba 1996 wadodosaji walizuru kila kaya katika vijiji 25 kila baada ya miezi 4, wakiandika vizazi, vifo na kuhama. Usimamizi wa kazi hiyo ulitegemea kukubaliana juu ya maana ya neno moja, kaya: wanaokula chungu kimoja. Lakini mkulima wa Kilombero ana makazi mawili. Vijiji vya ujamaa viliwakusanya watu kando ya barabara. Mpunga ulibaki bondeni, mbali. Msimu wa kilimo familia huhamia shambani, katika vibanda na madungu, nalo fomu humkuta jirani tu.

Hetzel na wenzake waliwafuata huko, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba wakulima wengi walibeba vyandarua vyao hadi mashambani. Swali la kawaida la wadodosaji, kama mtu alilala ndani ya chandarua usiku uliopita, lilipata jibu la ndiyo, na jibu lilikuwa la kweli. Ila kitenzi ni kulala. Saa ambazo mtu hukaa nje akipika, au akiwa juu ya dungu akifukuza nguruwe wasiharibu mpunga, hazimo katika swali hilo.