Popobawa na popo wa kweli wa Pemba

Weka neno "popo" na neno "Pemba" kwenye kichwa kimoja cha habari, msomaji ataanza kuwaza popobawa kabla hajasoma mstari wa pili. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi, hofu ya jini huyo ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja, ikafika Dar es Salaam. Watu walilala nje, familia nzima nzima, kuzunguka moto. Mwaka 2007 Dar ikatikisika tena. Magazeti yaliuza.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na habari nyingine ya popo wa Pemba. Haikupata ukurasa wa mbele.

Pemba ina popo wake ambaye hapatikani kwingine kokote duniani. Wanasayansi walimwandika mwaka 1909 na kumpa jina Pteropus voeltzkowi, kwa heshima ya Mjerumani Alfred Voeltzkow aliyefika kisiwani. Ni popo mkubwa kwelikweli, uso kama wa mbweha, manyoya ya rangi ya kutu. Ndugu zake wa karibu hawapo Afrika bara. Wako Mafia, Komoro, Madagaska, mpaka Asia. Anakula maembe, mashelisheli na tini za porini, na kila anakopita anaacha mbegu.

Basi alikaribiaje kwisha? Kwanza, karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shamba kuu, na msitu ukazidi kukatwa. Msitu mkubwa uliobaki ni Ngezi, kaskazini. Pili, nyama. Popo huyu aliliwa, na bunduki ilipoingia, mwindaji mmoja aliweza kumaliza mti mzima. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo pengo halizibiki upesi. Waliosalimika wengine walikuwa kwenye miti ya makaburi ya zamani, ambako watu waliogopa kukata. Mwaka 1989 walionekana wachache mno. Mwaka 1996 akawekwa na IUCN kwenye kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka.

Katikati ya miaka ya 1990, Fauna & Flora International na idara ya misitu ya Zanzibar walikwenda kuzungumza na vijiji. Vikaundwa vilabu vya wenyeji. Wanachama wakakubaliana kuacha kuwinda kwenye miti yao, na wakaanza kuhesabu.

Kuhesabu popo hakuhitaji digrii. Mchana unasimama mbali kidogo na mti na kuhesabu walioning'inia. Magharibi unahesabu wanaoruka kwenda kula. Miti ya jirani ihesabiwe siku moja, la sivyo popo mmoja ataandikwa mara mbili. Unaandika tarehe, saa, idadi. Mwezi ujao unarudi. Kule Kidike, si mbali na Chake Chake, wageni walianza kulipa kiingilio kuja kuwatazama.

Matokeo? Kufikia 2007 makadirio yalikuwa kati ya popo 18,000 na 22,000. Mwaka 2008 IUCN ilimtoa kwenye kundi lile la hatari kuu. Waliomwokoa ni wanakijiji wale wale waliokuwa wakimla.

Hapo ndipo ninapoona somo. Popobawa hakuhesabiwa na mtu, ndiyo maana kila mwaka wa hofu aliweza kuwa mkubwa kuliko jana. Popo wa kweli alipohesabiwa akawa jirani, mwenye idadi na mti wake. Tangu Korona, popo wamerudi kuwa watuhumiwa, na wapo wanaotaka miti yao ikatwe. Tahadhari ni ya kweli: usimshike popo, usimle, usile tunda alilolitafuna. Lakini kumtazama kwa mbali hakumdhuru mtu.

Je, mtaani kwenu kuna mwembe wenye popo? Unajua wako wangapi? Jioni moja chukua kalamu na daftari, simama, hesabu. Halafu niambie umepata wangapi.