Kiungo

Neno kiungo limetokana na kitenzi kuunga. Daktari hulitumia kwa goti na kiwiko, mpishi kwa iliki na mdalasini, na mtangazaji wa soka kwa mchezaji wa katikati anayeunganisha ulinzi na ushambuliaji. Kote huko maana ni ileile: kitu kinachofanya vingine vishikane.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12. Kanisa la Korintho lilikuwa limegawanyika, na wenye karama za kuonekana walijiona bora. Paulo aliwafundisha kwamba wao ni mwili mmoja, na kwamba viungo vinavyodhaniwa dhaifu ndivyo vya lazima zaidi.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizipa jumuiya ndogondogo za Kikristo kipaumbele katika uchungaji. Katika jumuiya hizo ndimo neno kiungo, kwa maana hiyo ya Paulo, linamopimwa. Mwenyekiti, katibu na mhazini tunawajua kwa vyeo. Je, anayefagia kanisa alfajiri? Anayemtembelea mgonjwa? Bibi anayewaombea wote akiwa kitandani? Wengi huitwa “waumini wa kawaida” tu.

Neno hilo “kawaida” haliwatendei haki. Kiungo hakina ukawaida; kikiteguka, mwili mzima huumia. Jumapili ijayo, baada ya kuwashukuru viongozi, tajeni na hawa kwa majina yao.