Sarafu ya zamani haisuguliwi kwa ndimu

Kwa wakaaji wa Fizi na Baraka wenye sarafu za zamani katika sanduku la babu au la bibi, jambo la kwanza ni kuacha ndimu na majivu. Ile rangi ya kahawia juu ya shaba si uchafu. Shaba ikikutana na hewa miaka mingi hujifunika ngozi yake yenyewe, na ngozi hiyo huilinda. Ndimu inaila, majivu yanakwangua alama, kinachobaki kinang'aa kama sufuria mpya. Mkusanyaji anaona mara moja, na bei inaanguka.

Mfano mzuri ni sarafu za shaba za Dola Huru ya Kongo, za miaka ya 1887 na 1888: santimu 1, 2, 5 na 10, zote na tundu katikati. Upande mmoja kuna nyota, upande wa pili herufi L zenye taji, za mfalme Leopold wa Pili. Ile ya santimu 10, pana na nzito, ikiwa na kahawia iliyoenea sawasawa mpaka kwenye ncha za nyota, inapendeza kuliko fedha. Uzuri wake usisahaulishe jambo moja: wakati ule watu wengi hawakulipwa sarafu. Walipewa mitako, yaani vipande vya waya wa shaba ya manjano, au nguo, au shanga, na wengi hawakupewa kitu. Ni baada ya Ubelgiji kuichukua nchi mwaka 1908 ndipo kodi ilianza kudaiwa kwa pesa. Nyota iliyolika kidogo-kidogo inaonyesha kwamba sarafu ilipita mikononi mwa watu. Ikisuguliwa, nani atatofautisha mikono hiyo na majivu ya jikoni?

Ng'ambo ya ziwa kuna kisa kingine. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezibiwa njia ya bahari na Waingereza, walipiga heller 20 za shaba na rupia 15 za dhahabu zenye tembo katika karakana ya reli ya Tabora. Septemba mwaka ule ule Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabeleji, likaingia Tabora. Heller hizo zilipigwa kwa haraka. Ubovu wa picha ni sehemu ya historia yake.

Inayoteswa kirahisi ni falanga 2 ya mwaka 1943, ya pembe sita, yenye tembo, iliyopigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Ni shaba ya manjano, na ikisuguliwa inafanana na dhahabu. Mtu wa kuiuza kama dhahabu hakosekani.

Sarafu za fedha nazo huwa nyeusi, au hutoa rangi ya manjano, zambarau na buluu. Hizo pia ziachwe. Cha kuogopa ni unga wa kijani unaomeguka juu ya shaba, unaoletwa na chumvi na unyevu. Sarafu ya namna hiyo itengwe na nyingine, iwekwe pakavu ndani ya karatasi, na ishikwe kwa ukingo tu.