Kwa nini nondo ya jiko hupinda bila kuyeyuka

Mpishi wa shule alituandikia ujumbe wakati wa kipindi cha asubuhi. Sufuria yake ya makande hukaa juu ya nondo tatu, na kila muhula nondo hizo hubonyea katikati mpaka sufuria inainama. Fundi amemwambia azigeuze tu, chini iwe juu. Je, ni salama? Tuliahidi kumjibu kwa maandishi.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,500 hivi, na moto wa kuni haufiki huko. Lakini chuma kilichoiva kwa moto, kikiwa na mzigo juu yake, hakisubiri kuyeyuka. Kinavutika kidogo kidogo, siku hadi siku. Wahandisi husema metali inatambaa. Risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hutambaa hata bila moto. Mabomba ya kale ya risasi huko Ulaya hulegea ukutani kwa uzito wake yenyewe.

Ndani ya chuma kuna punje ndogo sana zilizobanana kama mawe ya ukuta. Chuma kikikaa kwenye joto huku kinavutwa, vitundu visivyoonekana kwa macho hufunguka mipakani mwa punje. Wala havitokei popote pale. Hupenda mipaka iliyokingama na mvuto. Ile iliyolala sambamba na mvuto huumia kidogo. Anayepasua kuni analijua jambo hili: shoka likifuata nyuzi, gogo linaachia, likizikingama, linagoma. Vitundu vikiungana, huwa ufa.

Sasa tazama nondo ya jikoni. Sufuria ikikandamiza, upande wa juu wa nondo unabanwa na wa chini unavutwa, kwa hiyo chini ndiko kunakochoka zaidi. Ukiigeuza itanyooka tena, lakini uchovu wake haukufutika, na sasa unaanza kuuchosha upande wa pili. Isitoshe, magamba yanayobanduka kila siku yameshaipunguza unene. Hapana, si salama.

Watengenezaji wa injini za ndege wana shida hiyo hiyo. Mapanga ya turbini, ya aloi ya nikeli, hupigwa na gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 huku mzunguko ukiyavuta kwa nje. Miaka ya 1960 kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani ilianza kuyagandisha kutoka ncha moja, ili punje zirefuke kufuata urefu wa panga na mipaka iliyokingama isiwepo. Baadaye likaja panga lenye punje moja tu, lisilo na mpaka hata mmoja. Sisi wenyewe tulilisoma hilo mara mbili ndipo tukaliamini.

Mpishi hahitaji nikeli. Abadilishe nondo zilizobonyea, achukue nene zaidi, kisha ajenge nguzo ya tofali la kuchoma chini ya katikati, moto ugawanyike pande mbili. Na kila wiki, jiko likiwa limepoa, apitishe macho upande wa chini wa kila nondo kutafuta nyufa.