Mazimwi ya Risasi ya Dallas

Mji wa Carrollton uko kaskazini mwa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Tangu mwaka 2011, abiria atokaye Dallas kwenda Denton amekuwa akibadili treni hapo, kwenye stesheni ya Trinity Mills. Nimepita stesheni hiyo mara nyingi, nikachelewa kutambua kwamba safari ile inaunganisha ncha mbili za historia moja ndogo: historia ya visanamu vya kuchezea vita mezani.

Mchezo wenyewe una umri. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake za kupiganisha askari wa kuchezea mwaka 1913. Majoka, wachawi na mazimwi waliingia mezani baadaye sana. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati zilizokuwa na nyongeza ya viumbe vya kubuni, na mwaka 1974 ukafuata mchezo wa Dungeons & Dragons. Sasa watu walitaka zimwi la kushika mkononi.

Dallas ilikuwa na jibu. Kampuni ya Heritage, iliyokuwa na makao yake mjini humo, ilitengeneza visanamu kutokana na filamu ya The Lord of the Rings ya Ralph Bakshi ya mwaka 1978, na mwaka 1980 ikatoa mfululizo ulioitwa Dungeon Dwellers. Iliuza pia maboksi yenye visanamu, rangi na brashi pamoja, ili mtoto aanze kuchora na kucheza siku ile ile. Miaka michache baadaye kampuni ilifungwa.

Kwa macho ya leo, kazi ile ni ya kikwetu kidogo. Msanii alifinyanga umbo kwa mkono, kisha madini yaliyoyeyushwa yakamiminwa katika kalibu ya mpira iliyozungushwa kwa kasi. Kalibu haikupenda viungo vilivyochomoza, hivyo wapiganaji wengi walisimama bapa, kama watu waliobanwa ukutani, na panga zao zilikuwa nene kama mwiko. Hicho hasa ndicho wakongwe wa mchezo wanachokitamani: sura isiyosema yote, inayomwachia mwenye brashi kazi ya kufanya. Aliyeviona vinyago vya mashetani vya Wamakonde ataelewa upesi. Zimwi halihitaji kuhesabika mbavu ili litishe.

Siku hizi maumbo mengi hufinyangwa kwenye kompyuta. Huko Denton iko kampuni ya Reaper, iliyoanzishwa mwaka 1992. Mwaka 2012 ilichangisha kupitia intaneti zaidi ya dola milioni 3.4 kwa ajili ya visanamu vya plastiki. Hata hivyo, ni Reaper hiyo hiyo iliyokuja kutoa mfululizo wenye sura za kizamani, ikauita Dungeon Dwellers, jina lile lile la Heritage.

Lakini visanamu vyenyewe vya zamani vinatoweka. Vingi vina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mwaka 1993, kwa hofu ya sheria iliyopendekezwa katika jimbo la New York, watengenezaji kama Ral Partha wa Cincinnati walihamia mchanganyiko usio na risasi. Tena risasi huoza. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya aina ya siki, na mvuke huo huigeuza risasi kuwa unga mweupe. Kwa hiyo kabati la fahari, lenye vioo na makomeo, ndilo linaloweza kulila jeshi zima huku mwenyewe akilitazama.

Mimi ninalo zimwi moja la enzi hizo, limechubuka rangi usoni. Nimelihifadhi katika kijisanduku cha plastiki, juu, mahali ambapo watoto hawafiki. Nikilishika, hunawa mikono.