Mashabiki Wasioyaona Magari: Pasaka ya 1973 na Desemba ya 2021

Historia ya michezo kwa kawaida huandikwa kutoka upande wa washindi. Vitabu vinatuambia nani alitwaa kombe, kwa gari gani na katika mwaka upi. Insha hii inachukua upande mwingine, wa watu waliofuatilia mbio za magari wakiwa mbali, ambao wengi wao hawakuliona gari lolote, au waliliona kwa sekunde tatu tu likipita. Nimechagua matukio mawili yaliyotengana kwa karibu miaka 50: Safari Rally ya Pasaka ya 1973 na mashindano ya langalanga ya Abu Dhabi ya Desemba 2021. Yote mawili yaliamuliwa na kanuni, na katika yote mawili mashabiki waligawanyika kwa sababu ya kanuni hiyo.

Safari ilianza mwaka 1953 kwa jina la kikoloni, East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 neno la kutawazwa liliondolewa, likabaki East African Safari, na kuanzia 1974 likawa Safari Rally. Neno letu la kawaida kabisa, ambalo mama hulitumia akimuaga mtoto anayekwenda kituo cha basi, likageuka jina linalotamkwa Finland na Japani. Nadhani hatujalitafakari vya kutosha jambo hilo katika masomo yetu ya lugha, lakini si mada yangu leo.

Mbio zile hazikuwa na uwanja. Zilipita katika barabara za kawaida, zenye ng'ombe, mabasi na wanawake wenye kuni kichwani, umbali wa kilomita zipatazo 5,000 katika siku chache za Pasaka. Mvua za masika zilikuwa mshindani mmojawapo. Mwaka 1963 na tena 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot. Hesabu yake ilikuwa ya adhabu: dereva alipaswa kufika kituoni katika muda uliopangwa, na kila alipochelewa aliandikiwa pointi. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kwa hiyo msikilizaji wa redio alihitaji kujua hesabu. Aliyeongoza barabarani huenda hakuwa anaongoza katika karatasi.

Hapa Dzaleka nilizungumza na mzee mmoja kutoka Bukavu ambaye katika ujana wake alikuwa turniboi, kisha dereva wa malori yaliyobeba mizigo kutoka Mombasa kuelekea Kampala na Kongo. Nilimuuliza kama aliwahi kuiona Safari.

"Hatukuona mutu, mwanangu," akaniambia. "Tuliona vumbi tu. Lakini jina tulilijua kabla vumbi halijafika, kwa sababu redio ilikuwa imesema."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi. Kwa mzee huyu, redio haikuwa badala ya kuona. Redio ndiyo iliyolipa vumbi maana. Wenzake walikuwa wakisimamisha malori kando, wanawasha redio, wanabishana kuhusu dereva aliyepoteza dakika ngapi kituo gani, na vumbi likija wanajua ni la nani. Alinitajia pia jina la Joginder Singh, "Simba", kama mtu anayetaja jirani yake. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika gari la Volvo lililokwisha kutumika na wengine. Alishinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi.

Sasa tufike kwenye Pasaka yenyewe. Kwa karibu miaka 20 watu wa Afrika Mashariki walikuwa na imani moja: wageni kutoka ng'ambo wana magari mazuri na pesa nyingi, lakini Safari hawaiwezi. Imani hiyo ilivunjika mwaka 1972, pale Hannu Mikkola wa Finland alipokuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, akiendesha Ford Escort. Mwaka uliofuata swali lilikuwa wazi. Je, ile ilikuwa bahati, au mlango umefunguka? Tena, 1973 ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yake. Ubingwa wenyewe wakati ule ulikuwa wa viwanda vya magari. Madereva hawakuwa na taji lao hadi 1979. Lakini shabiki wa barabarani hakushabikia kiwanda, alimshabikia mtu.

Mbio zilianza Alhamisi tarehe 19 Aprili na kwisha Jumatatu ya Pasaka. Zilipokwisha, madereva wawili, wote wa Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa. Mmoja alikuwa Harry Källström wa Sweden. Mwingine alikuwa Shekhar Mehta, akiendesha Datsun 240Z pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Baada ya maelfu ya kilomita za matope na mawe, hakukuwa na tofauti ya hata pointi moja. Ilibidi kanuni itumike: kati ya waliolingana, apewe ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu. Kwa kipimo hicho Mehta akashinda.

Kanuni hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kidogo. Haikuuliza nani alikuwa na kasi zaidi mwishoni. Iliuliza nani alibaki msafi kwa muda mrefu zaidi mwanzoni. Mtu aliyeikubali angesema ni haki, kwa sababu mwanzoni barabara ilikuwa sawa kwa wote na bahati mbaya ilikuwa haijapata nafasi ya kuingia. Mtu aliyeikataa angesema kwamba Källström alifidia pengo lote katika siku za mwisho, na kufidia ni kazi ngumu kuliko kutunza. Binafsi naona hoja ya pili ina nguvu kimichezo, lakini ya kwanza ina nguvu kisheria: kanuni ilikuwa imeandikwa kabla ya mbio kuanza na kila dereva aliijua.

Lakini Mehta alikuwa nani? Hapa ndipo insha hii inapotugusa sisi. Alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia ya matajiri wa mashamba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na Mehta akahamia Kenya. Kati ya mwisho wa siku hizo 90 na Pasaka ile ilipita miezi mitano na siku chache. Aliyeshangiliwa Nairobi kama shujaa wa Afrika Mashariki alikuwa mtu ambaye nchi ya Afrika Mashariki alikozaliwa ilikuwa imemfukuza muda si mrefu.

Najua pingamizi litakalotolewa, na wenzangu darasani walilitoa. Mehta hakuwa mkimbizi kama sisi. Hakupanga foleni ya mahindi, hakulala chini ya turubai, alikuwa na fedha na alikuwa na gari. Ni kweli, na ingekuwa aibu kumvika umaskini asioujua. Hata hivyo kufukuzwa kuna sehemu mbili. Kuna kupoteza mali, ambako tajiri hukustahimili vizuri zaidi. Na kuna kuambiwa kwamba mahali ulipozaliwa si kwako, ambako hakuna akaunti ya benki inayokufidia. Katika hilo la pili mtu wa Kampala wa 1972 na mtu wa Uvira aliyepo hapa leo wanaweza kuzungumza wakaelewana.

Tena tukumbuke mahali hapa palikuwa nini Pasaka ile. Dzaleka haikuwa kambi ya wakimbizi. Ilikuwa gereza, ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Jina lenyewe wenyeji hulieleza kwa maana ya "sitarudia tena". Mwaka huohuo wa 1972, Amin alipokuwa akiwafukuza Waasia, maelfu ya Mashahidi wa Yehova walikuwa wakiikimbia Malawi kuingia Zambia. Nchi inayotupokea sasa, wakati ule ilikuwa inatoa wakimbizi. Gereza lilikuja kuwa kambi mwaka 1994. Taifa hili halikuwa hata na televisheni mpaka 1999, kwa hiyo Mmalawi wa 1973 aliyependa mbio za magari naye alikuwa mtu wa redio.

Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Ushindi wake wa mara tano haujafikiwa. Aliyemkaribia ni Björn Waldegård wa Sweden mwenye minne. Kwa upande mwingine yupo Rauno Aaltonen wa Finland, ambaye alishika nafasi ya pili mara kadhaa na hakushinda hata mara moja. Mzee wa Bukavu anamkumbuka zaidi huyu. "Yule alikuwa na mikosi," alisema, akatikisa kichwa kana kwamba jambo lilitokea juzi.

Tukio la pili linahitaji maelezo ya neno. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya huziita mbio za Formula One "langalanga". Inaelekea jina hilo linatokana na Langa Langa, karibu na Gilgil katika Bonde la Ufa, ambako miaka ya hamsini palikuwa na njia ya kushindania magari. Hivyo mtu anaposoma kwa Kiswahili habari za Monaco, anasoma jina la mahali pa Kenya bila kujua. Bara lenyewe halijaandaa mbio hizo tangu zile za Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993.

Jumapili ya tarehe 12 Desemba 2021, Lewis Hamilton na Max Verstappen waliingia mbio za mwisho za msimu wakiwa na pointi 369.5 kila mmoja. Wapinzani wa ubingwa kulingana kabla ya mbio za mwisho kulitokea mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 1974. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri. Hapa Dzaleka mabanda ya video yalikuwa na mpira, kama kila Jumapili. Mwenye banda hawezi kuacha wateja 60 wa mpira kwa ajili ya vijana sita wa langalanga. Vijana hao sita, nikiwa mmoja wao, tulikaa nje ya banda. Mmoja wetu alikuwa na bando la intaneti, akawa anasoma kwa sauti maandishi yaliyokuwa yakiingia kila mzunguko. Mwenzetu mwingine alikuwa Lilongwe, katika duka la Mrundi mmoja huko Area 25 lililokuwa na televisheni, na alitutumia ujumbe wa sauti kila kitu kilipotokea. Ujumbe wake ulifika umechelewa dakika moja au mbili. Tukawa na habari mbili zinazokimbizana, kama wale wa malori na vumbi lao.

Hamilton aliongoza tangu mwanzo. Kisha, katika mzunguko wa 53 kati ya 58, Nicholas Latifi akagonga ukuta na gari la usalama likaingia. Verstappen akabadilisha matairi, Hamilton akabaki na ya zamani. Kati yao palikuwa na magari matano yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, aliyaruhusu hayo matano tu yapite, wala si yote yaliyokuwa nyuma kwa mzunguko, kisha akaamuru mbio zianze tena kwa mzunguko mmoja wa mwisho. Verstappen akampita Hamilton, akawa bingwa. Malalamiko ya Mercedes yalikataliwa usiku uleule. Miezi michache baadaye Masi aliondolewa katika nafasi yake, na ripoti ya shirikisho ikasema kulikuwa na kosa la kibinadamu, lakini matokeo yakabaki.

Ulinganisho wa 1973 na 2021 unaonyesha jambo ambalo wengi wetu tulilihisi jioni ile bila kuwa na maneno yake. Mwaka 1973 kanuni ilikuwa ngumu lakini ilitangulia mbio. Mwaka 2021 kanuni ilikuwapo, ila tafsiri yake ilizaliwa ndani ya dakika chache, wakati mshindi na mshindwa wanajulikana tayari kwa majina. Wenzetu wa upande wa Verstappen walisema mwenye mamlaka ameamua, kwisha. Wa upande wa Hamilton, dereva Mweusi wa kwanza katika mbio hizo, walisema mamlaka isiyofuata maandishi yake yenyewe haiwezi kudai kutiiwa. Sauti zilipanda. Nadhani kila aliyekuwa pale alijua hatubishani kuhusu magari peke yake. Machi ya mwaka huohuo serikali ilikuwa imeagiza wakimbizi wote wanaoishi nje warudi kambini. Shauri likaenda mahakamani, amri ikasimama kwa muda, na hakuna aliyejua itasomwaje kesho.

Amri hiyo ilitekelezwa mwaka 2023, kuanzia Mei, na maduka mengi ya wakimbizi mjini Lilongwe yakafungwa. Duka la Area 25 lilikuwa mojawapo. Televisheni ile ililetwa Dzaleka juu ya kichanja cha lori, ikiwa imefungwa kwa blanketi, na sasa ipo katika kibanda cha mwenyewe karibu na soko. Safari Rally, iliyokuwa imetoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ilikuwa imerudi Naivasha tangu Juni 2021. Mbio za Naivasha zinapofika, mzee wa Bukavu huletewa kiti mbele kabisa. Husema picha ni nzuri, ila anataka sauti iongezwe.